Kabla ya Kengele ya Darasa la Kwanza

Mikoa ya Nyanda za Juu Kusini ndiyo ghala la Tanzania. Mahindi ya Iringa, Njombe, Rukwa na Ruvuma hununuliwa na Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula na kupelekwa kwenye mikoa yenye ukame, na viazi mviringo vya Njombe huliwa Dar es Salaam kila siku. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulikuta kwamba asilimia 56.9 ya watoto wa Iringa walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Njombe ilikuwa na asilimia 50.4, Rukwa asilimia 49.8. Wastani wa nchi nzima ulikuwa asilimia 30. Mikoa inayovuna kuliko mingine ndiyo iliyoongoza kwa watoto waliodumaa, na mjadala wowote wa afya ya jamii au wa usawa usioweza kueleza jambo hilo bado haujafika kwenye kiini.

Mtoto huhesabiwa kuwa amedumaa pale kimo chake kinapokuwa chini sana ya kile kinachotarajiwa kwa umri wake. Kipimo kinachotumika kilitolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2006, baada ya kupimwa watoto wa Accra, Muscat, Oslo, New Delhi, Pelotas ya Brazil na Davis ya California. Walichaguliwa watoto ambao mazingira yao hayakuzuia ukuaji: walinyonyeshwa vizuri, mama zao hawakuvuta sigara, kaya zao hazikuwa na dhiki. Watoto hao wa mabara tofauti walikua karibu sawa. Tofauti kati ya nchi na nchi ilikuwa ndogo mno ikilinganishwa na tofauti za kawaida kati ya mtoto na mtoto wa mji mmoja. Kwa hiyo maelezo yanayosikika mara nyingi vijijini, kwamba ukoo fulani ni wafupi tangu mababu, yanaweza kuwa kweli kwa mtoto mmojammoja lakini hayawezi kueleza nusu ya watoto wa mkoa mzima. Watoto wengi wanapokuwa wafupi kwa pamoja, kilichowafupisha kiko katika maisha yao.

Kimo chenyewe si tatizo kubwa; watu wafupi wenye afya njema wapo kila mahali. Ubaya wa udumavu ni kwamba unaonyesha kwa nje kile kilichotokea ndani ya mwili katika kipindi kifupi ambacho hakirudi. Upungufu uleule uliozuia mifupa kurefuka umeathiri pia ubongo, moyo, figo, utumbo na mfumo wa kinga vilipokuwa vikijengwa.

Siku elfu moja za kwanza

Wataalamu wa lishe huzungumzia siku 1,000: takriban siku 270 za ujauzito na 730 za miaka miwili ya kwanza. Idadi hiyo haina muujiza wowote, na hakuna mlango unaofungwa siku ya 1,001. Lakini hakuna kipindi kingine cha maisha ambacho mwili hujengwa kwa kasi kama hiyo. Mtoto huzaliwa na ubongo wenye takriban robo ya uzito wa ubongo wa mtu mzima. Akifikisha miaka miwili umefika karibu robo tatu. Katika miezi hiyo chembe za ubongo huunganishwa kwa wingi usio na kifani, kisha miunganiko isiyotumika hupogolewa na ile inayotumika kila siku huimarishwa.

Kila hatua ya ujenzi huo ina mahitaji yake na wakati wake. Mfereji utakaokuwa ubongo na uti wa mgongo hufunga takriban siku ya 28 baada ya mimba kutungwa, wakati ambapo wanawake wengi hawajajua kuwa wana mimba. Ndiyo maana foliki asidi anayopewa mama katika hudhurio la kwanza kliniki, mimba ikiwa na miezi minne au mitano, humsaidia kwa mambo mengine lakini kwa kazi hiyo imechelewa. Kuongeza foliki asidi kwenye unga wa viwandani kulibuniwa ili kumfikia mwanamke kabla hajashika mimba. Mwanakijiji anayekoboa na kusaga mahindi yake mwenyewe kwenye mashine ya kijijini hafikiwi na mpango huo. Madini joto huhitajika tangu wiki za mwanzo, kwa kuwa homoni ya tezi la shingo ndiyo inayoongoza upangaji wa chembe za ubongo wa kijusi, na upungufu mkubwa humwachia mtoto ulemavu wa akili usiotibika. Madini chuma huhitajika tumboni na kwa wingi zaidi kuanzia miezi sita, pale akiba aliyozaliwa nayo mtoto inapokwisha.

Kisha kuna maambukizi. Mtoto anayetambaa kwenye ua wanamozurura kuku na mbuzi hupeleka kinyesi mdomoni bila mtu kuona. Si lazima aharishe. Vijidudu huweza kuuchosha utumbo polepole hadi vinyweleo vinavyofyonza chakula vifupike, na mwili hutumia nguvu nyingi kupambana badala ya kukua. Mtoto wa namna hiyo anaweza kula kiasi cha kutosha na asinufaike. Kwa muda mrefu ilitarajiwa kwamba vyoo na maji yenye dawa vingetosha kumaliza hali hiyo. Jaribio kubwa lililofanyika Kakamega, Bungoma na Vihiga, magharibi mwa Kenya, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2018, lilionyesha vinginevyo: vyoo bora, kunawa mikono na kutia klorini kwenye maji havikuongeza kimo cha watoto. Jaribio kama hilo Zimbabwe lilifikia jibu hilohilo. Maji safi na vyoo vina manufaa mengine yasiyo na shaka. Somo la majaribio hayo ni kwamba uchafuzi wa mazingira ya mtoto wa kijijini ni mkubwa kuliko kinachoweza kuondolewa na choo kimoja na chupa ya dawa.

Jambo la mwisho la siku hizo elfu moja ndilo linalosahauliwa kuliko yote: mtoto huhitaji mtu. Anapolia akajibiwa, anapotoa sauti akaigwa, anapoonyesha kitu akatajiwa jina lake, ubongo hupata kazi ambayo uji hauwezi kuupa. Ushahidi mzito zaidi, na wa kusikitisha zaidi, ulitoka Romania. Utawala wa Nicolae Ceaușescu ulipiga marufuku utoaji mimba mwaka 1966 ili kuongeza idadi ya watu, na makumi ya maelfu ya watoto waliishia katika vituo vya serikali walikopewa chakula na nguo lakini si mlezi wa kumtambua kwa uso. Kuanzia mwaka 2000, watafiti Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah waliwafuatilia watoto 136 wa vituo vya Bucharest. Nusu yao walipelekwa kulelewa katika familia. Waliopata familia kabla ya kutimiza takriban miaka miwili walipiga hatua kubwa zaidi ya wenzao kiakili na kihisia.

Mwili hauusahau utoto wake

Mwaka 1911, katika kaunti ya Hertfordshire nchini Uingereza, mkaguzi wa wakunga aitwaye Ethel Margaret Burnside alianzisha utaratibu wa kuandika uzito wa kila mtoto anapozaliwa na tena anapofikisha mwaka mmoja. Madaftari hayo yalikaa kwenye makabati kwa miongo mingi hadi David Barker na wenzake walipoyatafuta. Walifuatilia wanaume 5,654 waliozaliwa kati ya 1911 na 1930 na kutangaza matokeo mwaka 1989: waliokuwa wepesi zaidi walipofikisha mwaka mmoja ndio waliokufa zaidi kwa maradhi ya moyo walipokuwa watu wazima.

Wakati huo madaktari waliyaona maradhi ya moyo kuwa matokeo ya sigara, mafuta na kukaa bila mazoezi. Barker hakukanusha hayo. Alichoongeza ni kwamba miili miwili inayoishi maisha yaleyale ukubwani haiko sawa ikiwa ilijengwa tofauti. Kijusi kinachopata chakula kidogo hukipeleka kwanza kwenye ubongo. Figo, kongosho na misuli hupata masalio. Figo zenye vichujio vichache hufanya kazi kwa shida chini ya shinikizo la damu, na kongosho lililojengwa kwa unyonge huelemewa sukari inapoongezeka.

Uholanzi ilitoa ushahidi ambao hakuna mtafiti angeruhusiwa kuutafuta kwa makusudi. Katika majira ya baridi ya 1944 kuingia 1945 jeshi la Ujerumani lilizuia chakula kuingia magharibi mwa nchi hiyo, na mgao wa mtu mzima ukashuka hadi kati ya kalori 400 na 800 kwa siku. Takriban watu 20,000 walikufa. Njaa ilianza ghafla na kwisha ghafla, kabla na baada yake watu walikula, na rekodi za hospitali zilihifadhiwa. Iliwezekana kujua kila mtoto aliikuta njaa akiwa na miezi mingapi tumboni. Walioikuta mwanzoni mwa mimba walizaliwa na uzito wa kawaida, hata isingedhaniwa kuna lililotokea. Walipokuwa watu wazima ndipo maradhi ya moyo, unene uliopitiliza na skizofrenia vilipoonekana kwao zaidi kuliko kwa wenzao ambao njaa hiyo haikuwakuta tumboni. Walioikuta mwishoni walizaliwa wadogo na baadaye miili yao ilishindwa kudhibiti sukari. Mwaka 2008 kundi la watafiti lilionyesha kwamba miaka sitini baada ya njaa ile, alama za kikemikali zinazodhibiti jeni moja ya ukuaji zilikuwa bado tofauti kwa waliotungwa mimba njaa ikiwa kali.

Kwa Afrika Mashariki ugunduzi huu una uzito wa pekee. Kisukari na shinikizo la damu vinaongezeka mijini, na kawaida hulaumiwa chipsi, soda na bodaboda. Hizo zina sehemu yake. Lakini watu wengi wanaougua leo wakiwa na miaka hamsini walizaliwa vijijini katika miaka ya uhaba, wakakulia kwenye chakula kidogo na sasa wanaishi penye sukari na mafuta tele. Tafiti za muda mrefu zilizounganishwa kutoka Brazil, Guatemala, India, Ufilipino na Afrika Kusini zilionyesha kwamba mtoto aliyekuwa mdogo kisha akaongezeka uzito haraka baada ya umri wa miaka miwili ndiye mwenye hatari kubwa ya maradhi hayo. Nchi yenye udumavu wa asilimia 30 leo, inayokua kiuchumi na kuhamia mjini, inajiandalia wagonjwa wa kisukari wa miaka ya 2060.

Ushahidi kwamba njia inaweza kugeuzwa

Maelezo haya yote yangekuwa hukumu tu kama kusingekuwa na majaribio yaliyobadili mwelekeo wa maisha. Yapo, na baadhi yamefuatiliwa kwa muda wa kutosha kuona watoto wakiwa wazazi.

Kati ya 1969 na 1977 taasisi ya lishe ya Amerika ya Kati ilitoa vinywaji katika vijiji vinne vya Guatemala. Viwili vilipewa atole, uji wenye protini. Viwili vilipewa kinywaji kitamu kisicho na protini. Takriban miaka thelathini baadaye, wanaume waliokunywa atole kabla ya kufikisha miaka mitatu walikuwa wakilipwa kwa saa asilimia 46 zaidi ya wenzao. Waliopata uji uleule baada ya umri huo hawakuonyesha faida hiyo.

Jaribio la Kingston, Jamaika, lilikuwa dogo zaidi lakini ndilo lenye mafunzo mengi kwa nchi isiyo na fedha. Mwaka 1986 na 1987 Sally Grantham-McGregor na wenzake, wakiwemo Christine Powell na Susan Walker, walichukua watoto 129 waliodumaa, wenye umri wa miezi 9 hadi 24, wa mitaa maskini. Wengine walipewa maziwa ya nyongeza, wengine walitembelewa nyumbani, wengine walipata yote mawili, na wengine hawakupata chochote. Wageni waliowatembelea hawakuwa madaktari wala walimu wenye shahada bali wahudumu wa afya wa jamii, wanawake wa maeneo hayo, waliofika saa moja kwa wiki kwa miaka miwili wakiwa na vitu vya kuchezea vilivyotengenezwa kwa chupa na maboksi. Kazi yao ilikuwa kumwonyesha mama namna ya kucheza na kuzungumza na mtoto, kumsifu, na kumwacha ajaribu. Miaka ishirini baadaye waliotembelewa walikuwa na kipato cha asilimia 25 zaidi ya ambao hawakutembelewa, na walikuwa wameifikia hali ya watoto wa mtaa huohuo ambao hawakudumaa kabisa. Maziwa peke yake hayakuacha alama ya kudumu katika kipato.

Umuhimu wa jaribio hilo uko hapa: pengo la kimaisha lililodhaniwa kuwa limekwisha kuandikwa mwilini lilizibwa kwa mazungumzo, na mazungumzo hayahitaji kuagizwa kutoka nje. Yanahitaji mama mwenye saa moja ya utulivu na mtu wa kumwonyesha. Saa hiyo, kama itakavyoonekana, ndiyo bidhaa adimu kuliko zote.

Magharibi mwa Kenya, wilayani Busia, kulikuwa na faida ambayo haikupangwa. Kuanzia mwaka 1998 shule za msingi 75 ziligawiwa dawa za minyoo kwa awamu. Michael Kremer na Edward Miguel walionyesha kwamba mahudhurio yaliongezeka hata kwa wasiomeza dawa, kwa kuwa minyoo ilipungua katika mazingira ya wote. Baadaye Owen Ozier aliwapima watoto ambao walikuwa wachanga wakati kaka na dada wa kijijini mwao wakipewa dawa. Wao hawakupewa kitu. Miaka kumi baadaye uwezo wao wa kiakili ulikuwa juu kwa kiasi kinacholingana na takriban nusu mwaka wa masomo.

Iringa, tangu 1983

Iringa haikuachwa bila kujaribiwa. Mwaka 1983 serikali ya Tanzania, UNICEF na Shirika la Afya Duniani, kwa fedha za Italia, zilianza programu ya lishe katika vijiji 168 vya mkoa huo, ambao wakati huo ulijumuisha Njombe ya leo. Kila baada ya miezi mitatu watoto walipimwa uzito hadharani, na matokeo hayakupelekwa wilayani kwanza. Yalijadiliwa na kamati ya kijiji palepale. Nani amepungua? Kwa nini? Kijiji kinaweza kufanya nini kwa uwezo wake, na kipi kinahitaji msaada? Vilianzishwa vituo vya kulishia watoto wakati wazazi wako shambani. Kufikia mwaka 1988 uzito pungufu ulikuwa umeshuka kutoka takriban asilimia 56 hadi 38, na ule mkali kutoka takriban asilimia 6 hadi 2.

Kutokana na kazi hiyo, Urban Jonsson wa UNICEF na wataalamu wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania walichora mchoro wa ngazi tatu za sababu za utapiamlo. Ngazi ya karibu ni ulaji na maradhi. Chini yake kuna chakula cha kaya, matunzo ya mama na mtoto, na huduma za afya na mazingira. Chini kabisa kuna rasilimali: nani anazimiliki na nani anaamua matumizi yake. UNICEF iliufanya mchoro huo kuwa wa kimataifa mwaka 1990, na hadi leo maofisa lishe wa nchi nyingi hufundishwa kwa mchoro uliozaliwa kwenye vijiji vya Wahehe na Wabena.

Kwa nini basi mkoa huohuo unaongoza kwa udumavu miaka arobaini baadaye? Sehemu ya jibu iko kwenye mizani. Programu ilipima uzito, na uzito unaweza kupanda bila kimo kufuata. Hadi leo kliniki nyingi humning'iniza mtoto kwenye mizani kila mwezi na kuweka nukta kwenye kadi, lakini ubao wa kupimia urefu hauguswi au haupo. Mtoto mfupi mwenye mashavu yaliyojaa huwa na nukta kwenye rangi ya kijani, na mama yake huambiwa aendelee vivyo hivyo. Kijiji ambako nusu ya watoto wamedumaa hakioni mtoto aliyedumaa, kwa sababu kila mmoja anafanana na mwenzake.

Sehemu nyingine iko kwenye chungu. Mahindi yanayojaza ghala ndiyo pia chakula cha mtoto, asubuhi, mchana na jioni. Uji mwepesi wa mahindi hujaza tumbo dogo kwa maji kabla nguvu na protini hazijatosha. Mayai, maharage na maziwa vipo kijijini, ila vina bei sokoni, na kinachouzwa hakiliwi. Mahindi yenyewe, yakihifadhiwa na unyevu, huota ukungu unaotoa sumukuvu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015, uliowafuatilia watoto 166 wa vijiji vya Iringa, Tabora na Kilimanjaro, ulikuta kwamba waliokuwa na kiwango kikubwa cha fumonisini, mojawapo ya sumu hizo, walikua kimo polepole zaidi. Sumu hii haina ladha wala harufu ya kumtahadharisha mama.

Sehemu iliyobaki ni kubwa kuliko hizo mbili, nayo ni muda wa mwanamke. Shughuli inayoifanya Nyanda za Juu Kusini kuwa ghala la taifa, kulima, kupanda, kupalilia, kuvuna, kupukuchua, inafanywa kwa kiasi kikubwa na wanawake, wengi wao wakiwa wajawazito au wananyonyesha. Msimu wa kupanda mama hutoka alfajiri na kurudi jioni. Mtoto wa miezi minane hubaki na dada yake wa miaka saba na kibuyu cha uji uliopikwa asubuhi. Mama akirudi bado kuna kuni, maji na chakula cha jioni. Njombe, zaidi ya hayo, ni mkoa wenye kiwango cha juu kabisa cha maambukizi ya VVU nchini, na watoto wengi wanalelewa na bibi zao wazee. Maofisa hutaja pia ulanzi na pombe nyingine za kienyeji, na hawakosei. Ila ni rahisi mno kumsema mama anayekunywa kuliko kuuliza kwa nini fedha ya magunia ishirini aliyoyapalilia yeye haipiti mikononi mwake. Elimu ya lishe inayomwambia mwanamke huyu ampe mtoto milo mitano kwa siku ni sahihi kisayansi, lakini inampa kazi mpya asiyokuwa na saa ya kuifanyia.

Usawa unaanzia wapi

Tangu mwaka 2016 elimu ya msingi na sekondari ya chini katika shule za umma za Tanzania haina ada, na sera ya mwaka 2014 iliufanya mwaka mmoja wa elimu ya awali kuwa wa lazima. Hatua hizo zimewaingiza darasani mamilioni ya watoto ambao wangebaki nje, na zinastahili sifa. Lakini watoto wawili wanaokaa dawati moja siku ya kwanza wana miaka mitano au sita nyuma yao, na tafiti zile za nchi tano zilionyesha kwamba kimo cha mtoto kwa umri wake akiwa na miaka miwili kinabashiri kiasi atakachosoma na atakachofanikiwa kuliko vipimo vya baadaye. Mwalimu hupokea pengo lililokwisha kuchimbwa. Mtihani wa darasa la saba, unaochukuliwa kuwa mizani ya haki kwa sababu maswali ni yaleyale kwa wote, hupima kwa sehemu hali ya kaya ya mtahiniwa miaka kumi na miwili iliyopita.

Wastani wa taifa huficha hayo. Kenya ilipunguza udumavu kutoka asilimia 35 katika utafiti wa 2008-09 hadi asilimia 18 mwaka 2022, mafanikio makubwa kwa kipindi kifupi. Lakini mwaka huohuo wa 2022 Kilifi ilikuwa na asilimia 37 na Pokot Magharibi asilimia 34. Mtoto wa Kilifi bado yuko pale Kenya nzima ilipokuwa kabla hajazaliwa.

Brazil ilipunguza wastani na pengo kwa pamoja. Mwaka 1974-75 asilimia 37 ya watoto wake wadogo walikuwa wamedumaa. Kufikia 2006-07 ilikuwa asilimia 7. Katika kaya maskini zaidi, moja ya tano ya zote, kiwango kilishuka kutoka asilimia 59 hadi 11, na katika kaya tajiri zaidi kutoka 12 hadi 3. Carlos Monteiro na wenzake waliochambua mabadiliko hayo waliyahusisha kwa sehemu kubwa na mambo manne: mama waliosoma zaidi, kipato cha maskini kilichopanda, huduma za afya ya mama na mtoto zilizofika mitaani, na maji na majitaka yaliyosimamiwa. Hakuna hata moja kati ya hayo manne ambalo ni unga maalumu au kidonge. Ni mambo ya ngazi ya chini kabisa ya mchoro wa Iringa na ya ngazi iliyo juu yake, na yote ni maamuzi ya bajeti na ya sheria.

Pengo lisipozibwa hurithiwa. Msichana aliyedumaa huwa mwanamke mwenye kimo kifupi na nyonga nyembamba, na huzaa watoto wenye uzito mdogo. Akizaa akiwa bado anakua, hugombania virutubishi na mtoto aliye tumboni; mwaka 2022, asilimia 22 ya wasichana wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamewahi kupata mimba. Kwa hiyo udumavu wa watoto wa leo una sehemu iliyoamuliwa katika utoto wa mama zao, na hakuna programu ya miaka mitano itakayoumaliza. Kumbakiza msichana sekondari na kumpa vidonge vya madini chuma akiwa bado shuleni ni huduma kwa mtoto atakayezaliwa miaka minane baadaye, ingawa katika vitabu vya wizara huandikwa kwenye kasma nyingine kabisa.

Serikali ya Tanzania imelitambua jambo hili kwa maandishi. Tangu mwisho wa mwaka 2017 wakuu wa mikoa wamesaini mikataba ya lishe, na halmashauri zilitakiwa kutenga shilingi 1,000 kwa mwaka kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano kutoka mapato yake. Desemba 2021 ilizinduliwa Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, inayounganisha afya, lishe, ujifunzaji wa awali, malezi yenye mwitikio, na ulinzi na usalama. Shilingi 1,000 haifiki bei ya trei ya mayai. Thamani yake ni kwamba imempa diwani namba ya kuulizia katika kikao.

Lililoguswa kidogo zaidi ni muda. Sheria ya ajira ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, na 100 akizaa zaidi ya mtoto mmoja. Ya Kenya ya mwaka 2007 inatoa miezi mitatu. Ushauri wa kitabibu ni kunyonyesha bila kuchanganya na kitu kingine kwa miezi sita. Hata kwa mwajiriwa, sheria inaishia katikati ya njia. Kwa mkulima, muuza mboga, mama lishe na kibarua wa mashamba ya chai haianzi kabisa, kwa kuwa hana mwajiri wa kumlipa likizo au ajira yake ni ya siku kwa siku, na hao ndio wengi wa akina mama wa Afrika Mashariki. Vituo vya kulelea watoto mchana vinavyoendeshwa na kijiji, posho ya fedha kwa wajawazito wa kaya maskini, mashine ya kukoboa na bomba la maji karibu na nyumba, palizi iliyogawanywa upya kati ya mume na mke: kila kimoja humrudishia mwanamke saa kadhaa za siku, na saa hizo zikirudi ndipo ushauri wa kliniki kuhusu milo, unyonyeshaji na mazungumzo na mtoto unapoweza kutekelezwa.